Wasomaji Wanauliza: Anga jekundu Texas, foni bubu Bunia

Barua tulizopokea kuhusu anga safari hii nyingi zinazunguka siku moja, tarehe 11 Novemba 2025, ingawa zimetoka katika miji iliyo mbalimbali sana. Msomaji wa Texas aliona mbingu nyekundu. Msomaji wa Bunia hakuona chochote, ila redio yake ilikufa mchana kweupe. Tumeziweka pamoja kwa kuwa jua lililowasumbua ni lile lile, ingawa, kama itakavyoonekana, halikuwasumbua kwa njia ile ile.

SWALI: Mhariri, salaam. Mimi ni Mkenya ninayeishi Dallas, Texas, na kazi yangu ni ya zamu. Usiku wa tarehe 11 Novemba 2025, yapata saa 2, nilikuwa nimeegesha gari nje ya mji nilipoona upande wa kaskazini umetanda wekundu kama wa moto wa nyika unaowaka mbali. Nusura niwapigie simu zimamoto. Nilipopiga picha, wekundu ulizidi kuliko nilivyouona kwa macho, na ndani yake kulikuwa na michirizi ya waridi. Wenzangu waliniambia kesho yake kwamba ile ilikuwa mianga ya kaskazini, ambayo shuleni tulifundishwa kuwa ni ya Norway na Alaska. Imefikaje Texas, na mbona haikuwa ya kijani kama ilivyo katika picha zote nilizowahi kuziona?

JIBU: Hukukosea sana kudhani ni moto, dada, na wala si wewe wa kwanza. Mwanafalsafa wa Kirumi Seneca ameandika kwamba katika enzi za Kaisari Tiberio vikosi vya askari viliwahi kukimbilia bandari ya Ostia ili kuokoa mji unaoungua, kumbe kilichokuwa kikiwaka ni mbingu. Wekundu uliotanda chini chini kwenye upeo wa macho, bila ndimi na bila kuchezacheza, ndiyo sura ambayo mianga ya kaskazini humwonyesha mtu aliye mbali nayo, na umbali huo ndio unaojibu maswali yako yote mawili.

Mwanzoni mwa Novemba kundi la madoa meusi lililopewa nambari 4274 lilikuwa likipita katika uso wa jua ulioelekea kwetu. Tarehe 9 na tarehe 10 kundi hilo lilitoa milipuko mikubwa, na kila mlipuko ulirusha wingu la gesi yenye chaji za umeme, lililobeba usumaku wake lenyewe. Mawingu ya namna hii huenda kwa kasi ya mamia ya kilomita kwa sekunde, na makali yake huzidi elfu moja, lakini kutoka kwenye jua hadi hapa ni kilomita milioni 150, kwa hiyo huchukua siku moja hadi tatu njiani. Yale ya tarehe 9 na 10 yaliifikia dunia karibu kwa mfuatano mmoja, kukiwa ni jioni ya tarehe 11 kwa saa za Marekani.

Wingu kufika peke yake hakutoshi kuleta mianga. Dunia nayo ina uga wake wa sumaku, unaoizunguka kama ua, na linaloamua mambo ni upande ambao usumaku wa wingu umeelekea. Ukielekea kaskazini, kama ulivyo wetu, wingu huteleza pembeni na kwenda zake. Ukielekea kusini, nyuga hizo mbili hushikana, ua hufunguka, na nishati huingia na kurundikana upande wa usiku wa dunia, ambako elektroni husukumwa kufuata mistari ya sumaku hadi kwenye hewa ya juu. Watabiri hawawezi kuujua mwelekeo huo wakati wingu linapoondoka kwenye jua. Huujua pale linapozipita setilaiti zilizowekwa kilomita milioni 1.5 mbele yetu, na hapo huwa imebaki nusu saa au saa moja tu, na ndiyo maana wenzako hawakukuambia mapema.

Siku za kawaida elektroni hizo hutua katika pete inayoizunguka ncha ya sumaku ya dunia, ikipita juu ya Alaska, kaskazini mwa Kanada, Iceland na kaskazini mwa Norway. Dhoruba ya sumaku inapokolea, pete hiyo hutanuka kuelekea ikweta. Usiku ule dhoruba ilifika G4, daraja la pili kwa ukali katika kipimo cha madaraja matano kinachotumiwa na NOAA, taasisi ya serikali ya Marekani inayofuatilia bahari na angahewa, na watu waliiona mianga hadi Florida. Hata hivyo usidhani kwamba pete yenyewe ilikuja kusimama juu ya Dallas.

Hukutuambia kama kwenu ni pwani au bara, lakini mfano wa pwani ndio unaotufaa hapa. Jahazi likitokea mbali baharini, aliye ufukweni huona kwanza ncha ya mlingoti, kisha tanga, na mwili wa chombo huja mwisho, kwa sababu umefichwa na mviringo wa dunia. Mianga nayo ina mwili na mlingoti. Mwili wake ni ule wa kijani, nao huwaka kwenye kimo cha kilomita 100 hadi 150 hivi. Mlingoti ni mwekundu, huanzia kama kilomita 200 na kupanda hadi 400 na zaidi. Kitu kilicho kwenye kimo cha kilomita 100 hakionekani tena ukiwa umbali unaozidi kilomita 1,130 hivi, lakini kilicho kwenye kimo cha kilomita 400 huonekana hata kutoka kilomita 2,250. Kutoka Dallas hadi mpaka wa Kanada ni kama kilomita 1,800. Mianga ikisimama juu ya mpaka huo, mtu wa Dakota Kaskazini anaitazama utosini pake ikiwa na kijani chake chote, na wakati huo huo wewe unaona mlingoti tu.

Rangi zote mbili hutolewa na oksijeni ile ile. Atomi iliyogongwa na elektroni huweza kutoa mwanga wa kijani kwa muda usiofika sekunde moja, ila kuutoa mwanga mwekundu huihitaji karibu dakika mbili. Huku chini hewa imesongamana, na atomi haiachwi dakika mbili bila kugongwa na jirani yake na kunyang'anywa nishati. Juu kabisa, ambako atomi ni chache, ina nafasi ya kungoja zamu yake. Waridi uliloliona huletwa na nitrojeni na kuchanganyika kwa rangi. Kuhusu simu yako kuona zaidi yako, hilo halina uchawi: gizani jicho la binadamu hutegemea seli ambazo karibu hazioni wekundu kabisa, wakati kamera ya simu huacha mwanga ujikusanye kwa sekunde 3 au zaidi kabla ya kufunga picha.

SWALI: Mpendwa mhariri. Katika ofisi yetu hapa Bunia, mashariki mwa Kongo, tunawasiliana na vituo vya vijijini kwa redio ya masafa mafupi, ile ambayo ndugu zetu wa Tanzania huiita redio ya upepo na sisi tunaiita foni. Tarehe 11 Novemba, saa 6 mchana zikiwa zimepita dakika chache, nilikuwa katikati ya kuandika taarifa ya kituo kimoja pale sauti ya mwenzangu ilipodidimia kama ya mtu anayeteremshwa kisimani, kisha ikapotea. Vituo vingine navyo havikupatikana. Tulibadilisha betri, tukapanda kuukagua waya wa antena, na mmoja wetu akasisitiza kwamba kuna watu wametuzibia masafa makusudi. Baada ya muda usiozidi saa mbili mawasiliano yalirudi yenyewe. Je, ilikuwa ni dhoruba ya mianga ninayosikia watu wakiisimulia?

JIBU: Hapana, ingawa ni ya ukoo mmoja. Kundi lile lile la madoa, 4274, lililipuka tena siku hiyo, na kilele cha mlipuko kilikuwa saa 6 na dakika 4 mchana kwa saa za Bunia, yaani saa 7 na dakika 4 kwa Nairobi na Dar es Salaam. Ulipimwa kuwa wa daraja X5.1 (X ndilo daraja la milipuko mikali kabisa ya jua, na nambari huonyesha ukali wake), mkubwa kuliko yote ya mwaka 2025. Jina la redio ya upepo linaweza kutupoteza hapa, kwa kuwa wanasayansi wana kitu wanachokiita upepo wa jua. Kilichoinyamazisha foni yako si upepo huo bali eksirei, ambazo husafiri kwa kasi ya mwanga na kufika hapa kwa dakika 8 na sekunde 20. Hakuna setilaiti inayoweza kutoa onyo mbele yake, kwa sababu onyo na eksirei huja kwa mwendo mmoja.

Ili uelewe kilichotokea, fuata njia ya sauti ya mwenzako. Wimbi la masafa mafupi halifuati ardhi kutoka kijiji hadi kijiji. Hupanda juu hadi kwenye tabaka la hewa lenye chaji za umeme liitwalo ionosfera, na kwenye kimo cha kilomita 250 au 300 hivi huinamishwa na kurudishwa chini. Likipanda, na likishuka, hulazimika kupita katika sakafu ya tabaka hilo, kati ya kilomita 60 na 90, ambako kwa kawaida elektroni huru ni chache na wimbi hupita likipoteza nguvu kidogo tu. Eksirei za mlipuko huijaza sakafu hiyo elektroni. Wimbi linapopita huzitikisa, lakini hewa ya hapo ni nzito kiasi kwamba kila elektroni inayotikiswa hugonga molekuli ya hewa kabla ya kulirudishia wimbi nguvu lililoipa, na nguvu hiyo huishia kuwa joto. Ndiyo maana hukusikia mikwaruzo wala mvumo wa kuzibiwa. Sauti ya mwenzako iliondoka kwenye mdomo wake kama kawaida, ikaliwa njiani.

Makali ya jambo hili hutegemea jua liko wapi, maana sakafu hujazwa zaidi pale ambapo jua liko utosini. Dakika ile jua lilikuwa karibu kabisa juu ya maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, kwa hiyo Kongo, Tanzania, Zambia na Msumbiji zilikuwa katikati ya doa lenyewe, na Ulaya ilikuwa pembeni. Msomaji wetu wa Dallas, wakati huo huo, alikuwa katika giza la saa 10 alfajiri, na eksirei zile hazikumfikia kabisa. Mianga aliyoiona usiku uliofuata ililetwa na mawingu ya tarehe 9 na 10. Wingu lililotoka katika mlipuko ulioinyamazisha foni yako lilikuwa bado liko njiani, na liliifikia dunia tarehe 12.

Tafadhali usimlaumu mwenzako aliyedhani kuwa mmezibiwa masafa, maana walio na vyombo vikubwa kuliko vyenu walidhani hivyo hivyo, na kosa lao lilikuwa la hatari zaidi. Tarehe 23 Mei 1967 rada 3 za Marekani zilizowekwa Alaska, Greenland na Uingereza kwa ajili ya kuyaona makombora ya Kisovieti zilionekana kuzibwa zote kwa pamoja. Kuziba rada za aina hiyo kulihesabiwa kuwa ni kitendo cha vita, na ndege za kijeshi zilianza kuandaliwa. Kilichookoa hali ni kwamba jeshi la anga la Marekani lilikuwa tayari limeweka watu wa kulitazama jua kila siku, nao waliwaarifu wakuu kwamba jua ndilo lililokuwa likitoa mlio mkubwa wa redio, moja kwa moja ndani ya rada hizo. Siku mbili baadaye dhoruba ya sumaku ilifika, na mianga ilionekana hadi New Mexico. Kisa hicho kilielezwa kwa ukamilifu hadharani mwaka 2016, miaka 49 baadaye.

Kimya kama chenu kinaweza pia kuwakuta watu wakati mbaya kabisa. Tarehe 6 Septemba 2017, siku ambayo kimbunga Irma kilikuwa kimeipiga Barbuda na kinaendelea kuvivamia visiwa vya Karibiani, jua lilitoa mlipuko wa X9.3 asubuhi kwa saa za huko, na wanaredio wa ridhaa waliokuwa wakipokezana taarifa za dharura kwa masafa mafupi walijikuta hawasikilizani.

Safari nyingine, kabla ya kupanda kwenye waya wa antena, tazama saa na tazama jua. Ikiwa ni mchana, na vituo vyote vimepotea ndani ya dakika chache, jaribuni masafa ya juu zaidi mliyoruhusiwa kutumia, kwa sababu mawimbi ya masafa ya chini huzitikisa elektroni zaidi na huliwa zaidi. Yale ya juu ndiyo huharibika kidogo na ndiyo hurudi mapema. Dhoruba ya sumaku huharibu mambo kwa namna tofauti. Huidhoofisha ile dari ya juu inayorudisha mawimbi, kwa siku moja au mbili, na mara nyingi hapo masafa ya juu hutoboa na kupotelea angani, hivyo inabidi kushuka. Waendeshaji wengi wa redio huchanganya dawa za maradhi haya mawili, na nadhani ni kwa sababu vitabu vya mafunzo huyaweka yote chini ya jina moja la "hali mbaya ya anga".

SWALI: Assalaam alaykum. Sisi ni Wazanzibari tunaoishi Muscat. Nimesoma kwamba katika dhoruba ya mwaka 1859 mianga ilionekana hadi Hawaii, ambayo kwenye ramani iko kusini kuliko Muscat. Tukapanda darini usiku wa tarehe 12 Novemba pamoja na watoto, tukakaa hadi usiku wa manane, na hatukuona ila taa za ndege. Je, tulikosea saa? Na jamaa zetu walioko Unguja, wana tumaini lolote?

JIBU: Wa alaykumu salaam. Hamkukosea saa, mlikosea ramani. Mianga haihesabu nyuzi kutoka kwenye ncha ya dunia tunayoijua katika jiografia, bali kutoka kwenye ncha ya sumaku, na hiyo imeinamia upande wa Kanada. Kuinama huko huwapendelea Wamarekani na kuwapunja watu wa Asia. Dallas na Baghdad ziko karibu kwenye mstari mmoja, nyuzi 33 kaskazini, lakini kwa hesabu ya sumaku Dallas huhesabiwa kuwa kwenye nyuzi 41 na Baghdad kwenye 29 tu. Honolulu hubaki karibu pale pale ilipo, kwenye 21 au 22, wakati Muscat, iliyo kwenye nyuzi 23 na nusu katika ramani ya ukutani, hushushwa hadi 17.

Isitoshe, 1859 haikuwa dhoruba ya kila siku. Mwingereza Richard Carrington aliuona mlipuko wake kwa darubini tarehe 1 Septemba, na wingu lilifika kwa muda wa saa 17 na nusu hivi. Mianga ilionekana Cuba na hata kaskazini mwa Colombia, na waendesha telegrafu wa Boston na Portland walizitoa betri zao na kuendelea kutumiana ujumbe kwa umeme ulioletwa na dhoruba yenyewe ndani ya nyaya. Dhoruba ya Novemba 2025 haikufika hata robo tatu ya ile.

Kwa Unguja, jibu lina kichekesho ndani yake. Kwa hesabu ya sumaku kisiwa kiko upande wa kusini, kwa hiyo jamaa zenu wakiamua kungoja, wasiende Nungwi bali Kizimkazi, wautazame upande wa kusini, maana ncha ya kusini nayo ina mianga yake. Katika dhoruba kubwa ya Mei 2024 ilipigwa picha huko Afrika Kusini, katika jimbo la Rasi ya Magharibi. Kutoka hapo hadi Unguja bado kuna maelfu ya kilomita, na siwashauri wabebe viti.

SWALI: Mimi ni Mtanzania ninayesoma Glasgow, na nimejiunga na klabu ya wanaredio wa ridhaa. Usiku mmoja wa dhoruba mawingu yalifunika, hatukuona hata nyota. Wenyeji wangu hawakujali. Walizigeuza antena zao, zinazofanana na zile za televisheni za zamani, zikaelekea kaskazini, ambako mwisho wake ni bahari tupu, na kwa megahezi 144 wakawa wanawasiliana na watu wa Denmark na Ujerumani. Alama za Morse hazikuwa na ule mlio mwembamba ninaoujua; zilisikika kama hewa inayotoka kwenye tairi, ikikatwakatwa. Naomba ufafanuzi.

JIBU: Una bahati, maana uliisikia mianga ambayo mawingu yalikuzuia kuiona. Katika megahezi 144 ionosfera haina uwezo wa kulirudisha wimbi. Wimbi huitoboa na kwenda zake, na ndiyo maana siku za kawaida masafa hayo hutumika kwa umbali mfupi. Elektroni za mianga hazikutandazwa sawasawa, bali hujipanga katika nyuzi nyuzi zinazofuata mistari ya sumaku, kama mvua ya masika inayoonekana kwa mbali. Nyuzi hizo zikikaza vya kutosha huwa kioo kibovu, lakini kioo. Glasgow hulipiga wimbi kaskazini, Denmark nayo hulipiga kaskazini, na wote wawili hukutana katika kioo hicho, hata kama kati yao wenyewe wako mashariki na magharibi. Kwa njia hiyo vituo vilivyo umbali wa hadi kilomita 2,000 hivi husikilizana.

Mlio wa tairi hutokana na kwamba kioo hakitulii. Kila uzi wa elektroni huenda kwa kasi yake, mamia ya mita kwa sekunde, mwingine ukija na mwingine ukiondoka, na kila mmoja hulirudisha wimbi likiwa limepanda au kushuka kidogo, kama honi ya basi inavyobadilika linapokupita barabarani. Noti moja ya Morse hurudi ikiwa maelfu ya noti zilizokaribiana, na sikio hulisikia rundo hilo kama mfoko. Sauti ya mtu hupata taabu zaidi. Katika megahezi 50 huwa kama mnong'ono wa mtu aliyekaukwa na koo, lakini maneno hueleweka. Katika 144 mara nyingi hakuna kinachoeleweka, na ndiyo sababu wenyeji wako, ambao nahisi si vijana, walirudia Morse.

Ungekaribia redio ya masafa mafupi chumbani humo humo usiku ule, na kujaribu kuwasikiliza watu wa upande wa pili wa ncha, yaelekea ungekuta kimya kama cha Bunia, kwa kuwa elektroni zile zile zinazokuwa kioo kwa masafa ya juu huyala masafa ya chini. Ndege zinazopita juu ya Aktiki hutegemea masafa mafupi kwa mawasiliano, na dhoruba ikikaza mashirika huzipitisha njia ya kusini zaidi, ingawa ni ndefu na inakula mafuta.

SWALI: Mimi ni msaidizi wa mpima ardhi hapa Dodoma. Mama yangu amenitumia ule ujumbe unaosema kwamba leo usiku kuanzia saa 6 na nusu hadi saa 9 na nusu miale hatari kutoka sayari ya Mars itapita karibu na dunia, tuzime simu na tusilale nazo. Nimemwambia ni uongo, lakini baada ya kusikia habari za dhoruba za jua nimeanza kusita. Nimwambie nini?

JIBU: Mwambie mama, kwa heshima zote, kwamba ujumbe huo umezunguka miaka mingi, na "leo usiku" yake haijawahi kuwa na tarehe. Simu ya mkononi huongea na mnara ulio kilomita chache kutoka alipo, kwa masafa ambayo hayana haja ya kupanda kwenye ionosfera, na dhoruba ya jua haiigeuzi simu kuwa kitu cha kumdhuru anayelala nayo. Hewa iliyo juu yetu huzuia mionzi hiyo isifike ardhini.

Vinavyopata shida ni vitu virefu na vitu vinavyopitisha mawimbi yake angani. Tarehe 13 Machi 1989 dhoruba iliingiza mikondo ya umeme katika njia ndefu za gridi ya Quebec, nchini Kanada, na mfumo mzima ukaanguka kwa muda usiofika dakika mbili. Watu milioni 6 walikaa gizani kama saa 9. Katika dhoruba ya Mei 2024 wakulima wa Marekani waliokuwa katikati ya kupanda walilazimika kusimamisha matrekta yanayoongozwa na setilaiti, kwa kuwa mistari ilikuwa inapinda.

Hapo ndipo swali lako linapogusa kazi yako kuliko simu ya mama. Mawimbi ya setilaiti yanayokifikia kifaa chako cha kupimia viwanja hupita katika ionosfera, na Tanzania iko karibu na ukanda ambao ionosfera yake huchafuka hata bila dhoruba yoyote. Jua likizama, mapovu ya hewa yenye elektroni chache hupanda juu kutoka ukanda wa ikweta ya sumaku, na mawimbi yanayopita humo humetameta kama nyota, zaidi katika majira ya Machi na Septemba hadi Oktoba. Anayetafuta njia kwa simu hatagundua chochote. Lakini wewe unayetafuta sentimita, kifaa kikianza kupoteza setilaiti moja baada ya nyingine kati ya saa 1 usiku na saa sita usiku, usikipeleke kwa fundi. Weka alama mahali ulipofikia, na urudi asubuhi kukipima tena kigingi cha mwisho kabla ya kuendelea na kinachofuata.